Teksi ya Mtandaoni Ikipata Ajali, Nani Atalipa?



Wahenga walinena kwamba ajali haina kinga. Methali hiyo umeisoma darasani, na huenda umewahi kuiandikia insha. Leo nakuomba uisome tena kwa jicho la raia. Ni kweli, ajali haina kinga. Lakini ina gharama, na gharama hiyo haina budi kuangukia mabega ya mtu fulani. Mfupa uliovunjika utaungwa kwa fedha. Kitanda cha hospitali kitalipiwa. Mtoto ambaye mzazi wake hawezi kwenda kazini kwa miezi minne atahitaji chakula na karo vilevile. Swali la makala haya ni hili: gari lililoitwa kwa programu ya simu likigongana na jingine, au likimgonga mtu avukaye barabara, nani atalipa?

Swali hili si la mawakili peke yao. Uber ilianza kazi Nairobi mwaka 2015, ikafika Kampala na Dar es Salaam mwaka 2016, na kampuni nyingine nazo zikaingia sokoni. Leo mwanafunzi wa chuo, muuguzi anayetoka zamu ya usiku na mzee anayekwenda kliniki wote huita gari kwa kidole. Huona jina la dereva, nambari ya gari, nauli, na nyota alizopewa dereva huyo na abiria waliotangulia. Jambo moja hawalioni: bima ya gari wanalopanda inamlinda nani, na kwa kiasi gani.

Msimamo wangu nautoa mapema ili uupime kadiri unavyosoma. Naamini kwamba kampuni inayoendesha programu, ambayo ndiyo inayomwita dereva barabarani na kuchukua sehemu ya nauli, inapaswa kulazimishwa na sheria kuhakikisha kuwa bima ipo tangu dereva anapowasha programu mpaka anapoizima. Aliyegongwa hana njia ya kujua simu ya dereva ilikuwa inasema nini dakika ile. Si haki riziki yake itegemee jambo asiloweza kulijua.

Maneno matatu kwanza

Kabla hatujaingia katika hoja, tuyatenganishe maneno matatu ambayo wengi huyachanganya.

Dhima ni wajibu ulio shingoni mwa mtu. Dereva aliyepita taa nyekundu na kumvunja mtu mguu ana dhima, awe na fedha au asiwe nazo. Neno hili limetoka katika Kiarabu, na tangu zamani limebeba maana ya jukumu na ahadi.

Bima ni mkataba. Mtu hulipa ada kila mwaka au kila mwezi, na kampuni ya bima huahidi kubeba hasara fulani iwapo itatokea. Neno lenyewe lilitufikia kutoka katika lugha za Bara Hindi, bila shaka kwa njia ya wafanyabiashara. Zingatia maneno “hasara fulani”. Hakuna bima inayobeba kila kitu. Kila mkataba wa bima una orodha ya mambo unayoyakubali na orodha ya mambo unayoyakataa, na orodha ya pili ndiyo watu wasiyoisoma.

Fidia ni malipo anayopewa aliyepata hasara. Katika Kiarabu, mzizi wa neno hili una maana ya kukomboa. Naipenda maana hiyo, kwa sababu inatukumbusha kuwa fidia si zawadi wala bahati nasibu. Ni kumkomboa mtu kutoka katika shimo ambalo mwingine amemtumbukiza.

Sasa angalia jinsi maneno haya matatu yanavyoachana njiani. Dhima inaweza kuwapo bila bima: mahakama inakupa ushindi dhidi ya dereva, lakini dereva hana shamba, hana nyumba, na gari si lake. Unarudi nyumbani na hukumu mkononi, na hukumu hailiwi. Bima nayo inaweza kuwapo bila fidia: karatasi ipo, stika imebandikwa kiooni, lakini kampuni ya bima inasema kuwa kazi iliyokuwa ikifanywa na gari lile haimo katika mkataba. Hapo ndipo teksi za mtandaoni zinapoleta tatizo jipya.

Ongeza na msemo mmoja zaidi: mhusika wa tatu. Wa kwanza ni aliyekata bima. Wa pili ni kampuni ya bima. Wa tatu ni mtu mwingine yeyote anayeumizwa na gari hilo, nawe unapovuka barabara unaweza kuwa huyo. Bima ya mhusika wa tatu ndiyo ambayo sheria za nchi zetu humlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo. Ndugu zetu wa Tanzania huiita bima ndogo, na ile inayolinda pia gari lenyewe huiita bima kubwa.

Nyakati tatu za dereva mmoja

Chukua dereva mmoja na gari lake, siku moja ya Jumamosi. Asubuhi anampeleka mama yake sokoni. Programu ya simu imezimwa. Huo ni wakati wa kwanza. Gari ni la binafsi kama gari lingine lolote.

Saa sita anawasha programu, anazunguka karibu na kituo cha mabasi akisubiri kuitwa. Hana abiria, hajaitwa na mtu, lakini yumo kazini: macho yanakwenda barabarani na kurudi kwenye simu. Huo ni wakati wa pili.

Saa sita na robo simu inalia. Anakubali safari, anamfuata abiria, anampakia, anamfikisha. Huo ni wakati wa tatu, na kila mtu anakubali kuwa ni kazi.

Gari ni lile lile, dereva ni yule yule, na barabara haikubadilika. Lakini kwa macho ya bima, huenda amekuwa watu watatu. Mkataba wa bima ya gari la binafsi kwa kawaida hukataa kubeba hasara inayotokea gari linapotumika kuchukua abiria kwa malipo. Sababu yake inaeleweka: gari linalotembea kutwa nzima mjini linakabiliwa na hatari nyingi kuliko gari linalokwenda ofisini na kurudi, kwa hiyo ada yake huwa kubwa zaidi. Katika wakati wa tatu, basi, bima ya binafsi huenda ikajitoa. Katika wakati wa pili, hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa pande zote mbili zina nafasi ya kujitoa. Kampuni ya bima inaweza kusema, “Alikuwa kazini.” Kampuni ya programu inaweza kusema, “Hakuwa na abiria wetu.” Wapiganapo tembo nyasi huumia, na nyasi hapa ni mtu aliyelala hospitali.

Usiku mmoja San Francisco

Tusafiri kwanza hadi Marekani, kwa kuwa huko ndiko pengo hili la wakati wa pili lilikojulikana kwa uchungu, na ndiko sheria ya kuliziba ilikotungwa mapema. Kisha tutarudi kwetu.

Usiku wa tarehe 31 Desemba 2013, mjini San Francisco, familia moja ilikuwa inavuka barabara katika kivuko cha watembea kwa miguu. Gari likawagonga. Msichana wa miaka 6 akafariki dunia. Mama yake na ndugu yake wa kiume wakajeruhiwa. Dereva alikuwa akiitumia programu ya Uber, lakini hakuwa na abiria wala hakuwa akienda kumchukua abiria. Alikuwa katika ule wakati wa pili. Kampuni ilieleza kwamba dakika ile dereva hakuwa akitoa huduma kupitia mfumo wake. Familia ilikwenda mahakamani.

Tafakari swali ambalo msiba ule uliuweka mbele ya watunga sheria. Mtoto aliyekuwa akivuka barabara hakuita gari. Hakukubali masharti yoyote kwenye simu. Hakuokoa hata senti moja kwa nauli nafuu. Kwa nini haki ya wazazi wake itegemee kama dereva alikuwa ameshaitwa au alikuwa bado anasubiri?

Mwaka 2014 jimbo la California lilipitisha sheria ya kujibu swali hilo, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2015. Sheria hiyo ilizitambua nyakati za dereva kwa uwazi. Wakati wa kusubiri, lazima kuwe na bima ya angalau dola 50,000 kwa mtu mmoja anayeumia au kufariki, na dola 100,000 kwa watu wote wa ajali moja. Tangu dereva anapokubali safari mpaka abiria anaposhuka, bima lazima ifikie dola 1,000,000. Majimbo mengine mengi ya Marekani yalifuata mpango unaofanana na huo.

Je, jambo limekwisha? La. Kwanza, utaona kuwa wakati wa pili ulizibwa kwa kiraka kidogo kuliko wakati wa tatu. Mguu uliovunjika hauponi kwa bei nafuu kwa sababu tu dereva alikuwa bado hajaitwa. Pili, haki iliyotolewa kwa sheria inaweza kupunguzwa kwa sheria. Mwaka 2025 California ilipitisha sheria nyingine iliyopunguza aina moja ya bima hiyo, ile inayomlinda abiria pale mwenye kosa ni dereva wa gari jingine asiye na bima au mwenye bima haba. Kutoka dola 1,000,000, kiwango kimeshuka hadi dola 60,000 kwa mtu na dola 300,000 kwa ajali, kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Waliounga mkono walitoa hoja kwamba ada za bima zilikuwa zinapandisha nauli. Unaweza kukubaliana nao au kuwapinga, lakini usiache kuona somo la uraia: sheria haitungwi mara moja ikalala. Raia akisinzia, kalamu haisinzii.

Ubao wa matangazo au msafirishaji?

Kampuni za programu zina hoja ambayo ni lazima tuitendee haki. Husema: sisi hatumiliki magari, wala hatuajiri madereva. Sisi tunawakutanisha tu watu wawili, mwenye gari na mwenye safari, kama ubao wa matangazo sokoni unavyomkutanisha muuzaji na mnunuzi. Ubao haushtakiwi kwa sababu embe lililotangazwa lilikuwa bovu.

Hoja hii ina uzito kisheria, kwa kuwa sheria zetu, kama zile za Uingereza tulizozirithi, zina kanuni kwamba mwajiri hubeba dhima ya uzembe wa mwajiriwa wake akiwa kazini. Asiye mwajiri hukwepa mzigo huo.

Lakini ubao wa matangazo haupangi bei ya embe. Haumchagulii mnunuzi muuzaji. Haumfukuzi muuzaji sokoni kwa sababu amepata nyota chache. Majaji wa Ulaya wameliona hilo. Tarehe 20 Desemba 2017, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua, katika shauri lililoanzia Barcelona, kuwa huduma ya Uber ni huduma ya usafiri, wala si huduma ya mawasiliano ya mtandaoni tu. Tarehe 19 Februari 2021, Mahakama Kuu Zaidi ya Uingereza iliamua kuwa madereva walioishtaki Uber wana haki za wafanyakazi. Tena ikakubali kwamba muda wao wa kazi unahesabiwa wanapokuwa wamewasha programu, wakiwa katika eneo lao na tayari kupokea safari.

Mashauri hayo hayakuhusu ajali, na mahakama za kwetu hazifungwi nayo. Hata hivyo, yana mantiki moja tunayoweza kuichukua: majaji hawakuridhika na jina lililoandikwa kwenye mkataba, walitazama kazi inavyofanyika kweli. Na kama kusubiri ni kazi pale dereva anapodai ujira wake, kwa nini kusiwe kazi pale mtembea kwa miguu anapodai fidia yake?

Turudi nyumbani

Hapa Uganda, sheria inayomlazimisha mwenye gari kukata bima ya mhusika wa tatu ilitungwa mwaka 1989. Wakati huo gari lilikuwa ama la binafsi ama la abiria, na lilijulikana kwa macho. Hakuna aliyewaza gari ambalo ni la binafsi saa tano na ni teksi saa sita. Sheria hiyo iliweka kikomo cha malipo ya bima: shilingi 1,000,000 za Uganda kwa mtu mmoja, na shilingi 10,000,000 kwa ajali moja. Kwa thamani ya fedha ya leo, milioni moja hiyo haifiki hata dola 300 za Marekani. Umewahi kulipia upasuaji wa mfupa? Basi unajua milioni moja huishia wapi.

Kwa jirani zetu wa Kenya, marekebisho ya mwaka 2006 yaliweka kikomo cha shilingi 3,000,000 za Kenya kwa mtu mmoja. Ni kiasi kikubwa kuliko chetu, ingawa mtu aliyepooza akiwa na miaka 25 atakimaliza kabla hajafika nusu ya maisha yake. Mwaka 2022 Kenya ilitoa pia kanuni za kampuni za usafiri wa mtandaoni: kampuni zitafute leseni kwa mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na zisimkate dereva zaidi ya asilimia 18 ya nauli. Nazitaja kanuni hizo kwa sababu zinathibitisha kwamba serikali ya nchi yetu ya Afrika Mashariki inaweza kuiambia kampuni ya kimataifa, “Umeingia nyumbani kwetu, vua viatu.”

Fidia ikizidi kikomo cha bima, dhima haifi. Mdai anaweza kumfuata dereva na hata mwenye gari, kwa sababu gari likiendeshwa kwa idhini ya mwenyewe na kwa manufaa yake, mahakama inaweza kumtwika naye mzigo. Hili ni muhimu sana mjini, maana madereva wengi wa mtandaoni hawamiliki magari. Wanapewa gari na mtu mwingine, nao humpelekea hesabu kila wiki. Mwenye gari anakaa nyumbani akihesabu fedha. Siku ya ajali anashangaa kuona jina lake kwenye hati ya mashtaka.

Na dereva je? Nakuomba usimlaani haraka. Dereva huyu analipa mafuta, anamlipa mwenye gari, anakatwa na kampuni ya programu, na kinachobaki ndicho cha nyumbani. Ukimwambia kuwa bima ya kubeba abiria ina ada kubwa kuliko bima ya gari la binafsi, unaweza kukisia atakayoichagua iwapo hakuna anayemkagua. Anakosea, naam. Lakini mpango unaomwachia mtu maskini zaidi katika mnyororo uamuzi wa kuwalinda wengine wote ni mpango uliojengwa kuanguka.

Ninachokipendekeza

Napendekeza mambo matatu, nayo ni rahisi kueleweka.

La kwanza, sheria itaje nyakati za dereva kwa majina, na iamuru kuwa programu isiwake mpaka kampuni imethibitisha bima ya kubeba abiria. Bima hiyo idumu wakati wa kusubiri na wakati wa safari kwa kiwango kilekile. Kampuni ambayo inaweza kumzuia dereva kwa sababu leseni yake imepitwa na wakati inaweza pia kumzuia kwa sababu bima yake imepitwa na wakati.

La pili, vikomo vya fidia vipitiwe kila baada ya miaka michache. Kikomo kisichoguswa kwa zaidi ya miaka thelathini kinaliwa na mfumuko wa bei kama mchwa walavyo mlango: kwa nje mlango unaonekana mzima, ukiugusa unabaki na vumbi mkononi.

La tatu, bima ionekane kwenye kioo cha simu, pale pale panapoonekana nambari ya gari. Iandikwe kwa lugha ambayo abiria anaifahamu: kampuni gani imeikata, inamlinda nani, mwisho wake ni lini.

Najua pingamizi zinazokuja. Utasikia kuwa nauli itapanda. Huenda ikapanda kidogo. Lakini gharama ya ajali ipo tayari, hata leo. Haikuumbwa na bima. Tofauti ni nani anayeibeba. Leo inabebwa na jamaa wanaounda kundi la WhatsApp la michango, na shangazi anayeuza ng’ombe, na binti anayeacha shule ili amuuguze mama. Mimi nachagua nauli iliyopanda kidogo kwa abiria wote kuliko nyumba moja iliyobomoka kabisa.

Utasikia pia kuwa abiria ni mtu mzima, achague mwenyewe. Atachaguaje asichoonyeshwa? Na anayepita kando ya barabara, yeye alichagua nini?

Ukipatwa, fanya hivi

Mpaka sheria ibadilike, jilinde kwa maarifa. Ajali ikitokea nawe umo garini au umegongwa, kwanza okoa uhai: ondoka penye hatari, tafuta matibabu, hata kama maumivu ni madogo, na uhakikishe kwamba daktari ameyaandika. Pili, ripoti polisi na upate nambari ya ripoti. Tatu, piga picha za magari, nambari zake na stika ya bima kwenye kioo cha mbele. Nne, kama uliita gari kwa simu, hifadhi picha ya kumbukumbu ya safari: saa, njia, jina la dereva na nambari ya gari. Kumbukumbu hiyo ndiyo ushahidi wako kwamba dereva alikuwa kazini, katika wakati wa tatu. Tano, tunza kila risiti, hata ya panadoli. Mali bila daftari hupotea bila habari, na madai ya fidia ni hivyo hivyo.

Usitie saini karatasi inayosema kwamba umeridhika, eti kwa sababu umepewa nauli ya kurudi nyumbani na pole mbili tatu. Maumivu mengine hujitokeza baada ya wiki. Wala usingoje mno. Nchini Kenya, kwa mfano, dai la kuumizwa kwa uzembe wa mtu hupaswa kufikishwa mahakamani ndani ya miaka 3. Ukichelewa, mlango hufungwa hata kama haki ilikuwa upande wako. Kampuni ya bima ikikuzungusha, nchi zetu zina mamlaka za kusimamia bima zinazopokea malalamiko ya wananchi. Huhitaji kuwa na jamaa serikalini ili usikilizwe huko.

Zoezi la wiki

Wiki hii, kabla ya kufunga mlango wa gari uliloliita, msalimu dereva kwanza, kisha muulize kwa adabu: “Samahani, kaka, bima ya gari hili ni ya kubeba abiria?” Akiwa mwanamke, sema “dada”, akiwa mtu wa makamo, “mzee” au “mama”. Sikiliza jibu lake bila kumhukumu, na ukifika nyumbani liandike katika daftari lako kwa sentensi kamili, ukitumia maneno dhima, bima na fidia mahali panapostahili.

Kisha jiandae kwa mjadala wa darasani. Mada ni hii: “Fidia ya ajali ya teksi ya mtandaoni ilipwe kwanza na kampuni ya programu, wala si mwenye gari.” Kundi la kwanza litaunga mkono, kundi la pili litapinga. Mimi msimamo wangu umeshausikia. Njoo na hoja za kuungusha kama unazo, nami nitafurahi kuzisikiliza.